Samaki wa kuanzia katika tangi la nyumbani: Tazama maji kabla ya rangi

Na Mwandishi Wetu

UFUGAJI wa samaki wa mapambo katika matangi ya kioo si jambo geni mijini. Matangi hayo huonekana katika sebule, hoteli, zahanati na hata ofisi. Wapo wanaoyaweka kwa ajili ya kupamba nyumba, wapo wanaowanunulia watoto wao, na wapo wanaopenda tu kukaa na kuwatazama viumbe hao baada ya kazi za kutwa.

Hata hivyo, wengi wa wanaoanza ufugaji huo hukata tamaa mapema. Samaki walionunuliwa wakiwa wazima hukutwa wakielea siku chache baadaye, wengine hununuliwa ili kujaza pengo, nao pia hufa, na hatimaye tangi huhamishiwa stoo.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa mwenye duka kwamba aliuza samaki wagonjwa. Lakini mara nyingi tatizo huanzia kwenye namna ya kuchagua. Mnunuzi huvutwa na rangi, ilhali samaki wa kuanzia anapaswa kuchaguliwa kwa kuzingatia mambo matatu: maji atakayoishi, ukubwa atakaoufikia na tabia yake akiwa na wenzake.

Makala haya yanaeleza mambo hayo moja baada ya jingine, kisha yanataja aina za samaki zinazomfaa anayeanza na zile ambazo ni vema akaziepuka, japo zinavutia macho.

Tangi jipya halijawa tayari

Jambo la kwanza ambalo mfugaji anapaswa kulifahamu ni kwamba maji safi machoni si lazima yawe salama kwa samaki. Samaki hutoa taka mfululizo kupitia matamvua na kinyesi, na taka hizo, pamoja na mabaki ya chakula, huzalisha amonia, ambayo ni sumu inayounguza matamvua yake.

Katika tangi lililokwisha kukomaa, bakteria wanaoishi kwenye kichujio na changarawe huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji na kwa mimea inayoifyonza.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huhitaji kati ya wiki nne na sita ili waongezeke. Ndiyo maana samaki kumi wakiingizwa siku moja katika tangi lililojazwa maji asubuhi, hujikuta wakiogelea ndani ya sumu waliyoitoa wenyewe, ingawa maji yanaonekana kung'aa.

Zipo njia mbili za kukabiliana na hali hiyo. Ya kwanza ni kuliwasha tangi bila samaki, kutia chakula kidogo kila siku ili kioze na kuwalisha bakteria, kisha kupima maji mpaka amonia na nitriti zifike sifuri. Ya pili ni kuanza na samaki wachache sana walio wavumilivu na kubadilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu katika wiki za mwanzo.

Njia zote mbili hurahisishwa iwapo mfugaji atapata kipande cha sponji iliyotumika kutoka katika kichujio cha rafiki yake ambaye samaki wake ni wazima, kwa kuwa sponji hiyo huja na bakteria wake.

Maji ya bomba pia yanahitaji uangalifu, kwani klorini inayoua vijidudu katika maji ya kunywa huua bakteria hao na kuwadhuru samaki. Kuyaacha maji katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 husaidia klorini kutoka. Mahali ambapo maji hutiwa kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi, na hapo inafaa kutumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo.

Wanaotumia maji ya kisima katika miji ya pwani wanapaswa kuyaonja kwanza. Maji ya visima vingi vya huko yana chumvi, na si kila samaki wa maji baridi anaivumilia.

Tangi dogo si rahisi zaidi

Ipo dhana kwamba anayeanza anapaswa kuanza na chombo kidogo, kama bakuli la kioo, ndipo baadaye ahamie kwenye tangi kubwa. Dhana hiyo ni kinyume na uhalisia. Maji yakiwa machache, taka kidogo huyachafua upesi na joto lake hupanda na kushuka kwa haraka, hivyo mfugaji hana nafasi ya kurekebisha jambo kabla halijaharibika.

Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30 hubeba lita 54 za maji, nalo ni kiwango kizuri cha kuanzia. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 54, bila kuhesabu kioo na changarawe, kwa hiyo meza ya kuliweka iwe imara na isiwe dirishani linapopiga jua.

Kwa tangi la kiasi hicho, wafugaji wengi hukadiria sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji au zaidi, na anayeanza ni heri achukue nusu ya kiwango hicho. Kinachohesabiwa ni urefu wa samaki akiwa mkubwa, si urefu alionao siku ya kununuliwa.

Aidha, kanuni hiyo inawahusu samaki wadogo tu. Samaki mmoja wa sentimita 30 hawezi kulinganishwa na samaki kumi wa sentimita tatu, kwa kuwa mwili wake ni mzito mara nyingi zaidi na taka zake ni nyingi vivyo hivyo.

Wapo pia wanaoamini kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi. Samaki anayedumaa katika tangi dogo hajajipima kwa hiari yake, bali amedumazwa na maji mabaya, na mara nyingi hufa kabla ya wakati wake.

Joto la mji na umeme wa nyumba

Vitabu vingi vya ufugaji huu viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi, ambako hita ni kifaa cha lazima. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa hali ni tofauti. Huko maji ndani ya nyumba hukaa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na tatizo huwa ni joto kuzidi.

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kwa sababu hiyo pampu ya hewa ni muhimu zaidi kwa mkazi wa pwani kuliko hita, na idadi ya samaki inapaswa kuwa ndogo.

Kwa wakazi wa Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya, maji yasiyopashwa yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20 katika miezi ya Juni na Julai. Wao wana njia mbili: kununua hita na kipimajoto, au kuchagua samaki wanaovumilia ubaridi.

Suala jingine ni kukatika kwa umeme. Pampu na kichujio vikizimika kwa saa nyingi, oksijeni hupungua na bakteria wa kwenye kichujio huanza kufa. Mwenye samaki wachache hana sababu ya kuogopa saa chache za giza, ilimradi asiwalishe wakati huo na ayachote maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu kila baada ya muda. Mwenye tangi lililojaa samaki anaweza kuwapoteza wote kwa usiku mmoja.

Samaki wanaofaa kuanzia

Wa kwanza katika orodha ni gapi, samaki mdogo mwenye asili ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini na kisiwa cha Trinidad. Dume lake hufikia sentimita tatu hivi na lina mkia mpana wenye rangi nyingi, na jike ni kubwa zaidi lakini halina madoido. Gapi hupenda maji yenye madini na joto la nyuzi 22 hadi 28, na huishi na wenzake bila ugomvi.

Tatizo lake ni uzazi. Gapi hazai mayai bali watoto walio hai, kila baada ya wiki nne hivi, na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa na kuendelea kuzaa hata akiwa peke yake. Asiyetaka kujikuta na samaki mia moja anunue madume tu.

Wa pili ni plati, ambaye asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Naye huzaa watoto walio hai, ni mpole, hufikia sentimita tano au sita, na huvumilia maji ya ubaridi wa wastani kuliko gapi.

Ndugu yake aitwaye moli ni mkubwa kidogo na anahitaji nafasi zaidi, lakini ana sifa moja inayowafaa watu wa pwani: huvumilia chumvi, na baadhi ya jamaa zake huishi porini mahali mito inapokutana na bahari. Mwenye maji ya kisima yenye chumvi kiasi anaweza kumfikiria yeye kwanza.

Wa tatu ni danio mwenye mistari kama ya pundamilia, kutoka India, Bangladesh na nchi jirani. Samaki huyu wa sentimita nne ni mvumilivu kiasi kwamba hufugwa katika maabara nyingi za utafiti duniani. Anaridhika na nyuzi 18 hadi 25, hivyo anawafaa sana wakazi wa nyanda za juu. Afugwe katika kundi la sita au zaidi, na tangi lifunikwe kwa sababu huruka.

Wa nne ni beta, samaki wa Thailand na nchi za jirani yake, ambaye dume lake lina mapezi marefu kama kanga iliyotandazwa. Beta ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, hivyo pampu ikizimika yeye hahangaiki upesi kama wengine.

Uwezo huo umemletea dhuluma, kwani wauzaji wengi humweka katika glasi au chupa na kudai kwamba hahitaji zaidi. Beta anahitaji angalau lita 20 za maji yenye joto la nyuzi 24 hadi 28. Madume mawili hayawekwi pamoja kamwe, kwani hupigana hadi kujeruhiana vibaya, na si vema kumchanganya na gapi wenye mikia mirefu anayeweza kuwadhania kuwa ni washindani wake.

Kwa muhtasari, mkazi wa pwani mwenye tangi la lita 54 anaweza kuanza na gapi madume sita, au beta dume mmoja peke yake. Mkazi wa nyanda za juu anaweza kuanza na danio sita, kisha baada ya wiki sita, maji yakiwa yametulia, akaongeza plati wanne.

Wanaovutia lakini wasubiri

Samaki wa dhahabu ndiye anayenunuliwa sana na wanaoanza, na ndiye anayeonewa sana. Alifugwa China kwa zaidi ya miaka 1,000, na kwa asili ni samaki wa bwawa. Anaweza kuzidi sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka kumi, hutoa taka nyingi, na hupenda maji ya ubaridi. Katika bwawa la bustani huko Arusha au Nairobi atastawi, lakini katika bakuli la kioo kwenye joto la Dar es Salaam atateseka.

Tetra neoni wa mto Amazoni, mwenye mstari wa buluu unaowaka, ni mdogo na mpole, lakini hupenda maji laini yasiyo na chumvi na havumilii misukosuko ya tangi jipya. Asubiriwe mpaka tangi litimize miezi michache.

Samaki malaika mwenye mapezi marefu huuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu, lakini hufikia sentimita 15 na huwameza samaki wadogo anaokaa nao. Oska huzidi sentimita 30. Pleko, anayeuzwa kwa sifa ya kusafisha vioo, huweza kufikia sentimita 40, na yeye mwenyewe huchafua maji kuliko anavyosafisha. Hakuna samaki anayeweza kuchukua nafasi ya ndoo na mpira wa kunyonyea uchafu.

Wapo wanaoleta nyumbani vifaranga vya perege au kambale kwa kuwa hupatikana kwa bei nafuu. Perege hukua haraka, huchimbua changarawe na kung'oa mimea. Kambale hula kila anayeingia mdomoni mwake.

Samaki wa bahari, wakiwemo wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe waliopendwa na watoto wengi baada ya filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, nao wasubiri. Tangi la maji chumvi linahitaji vifaa vya gharama na vipimo vya mara kwa mara, na samaki wengi wa aina hiyo wanaouzwa duniani huvuliwa katika miamba ya matumbawe badala ya kuzalishwa na wafugaji.

Samaki wa maziwa yetu

Pengine si wasomaji wote wanaofahamu kwamba baadhi ya samaki wa mapambo wanaothaminiwa sana Ulaya, Marekani na Asia wametoka katika maziwa ya Afrika Mashariki na Kati. Hao ni siklidi, jamii moja na perege na sato. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina zake, na Ziwa Tanganyika lina takriban aina 200 ambazo nyingi hazipatikani kwingineko.

Wanaojulikana zaidi ni mbuna wa Ziwa Nyasa, wenye rangi za buluu, manjano na chungwa. Pamoja na uzuri wao, mbuna ni wagomvi. Kila dume hulinda eneo lake la mwamba, na huhitaji tangi la lita 200 au zaidi lenye mawe mengi ya kujificha. Si samaki wa kuanzia.

Kwa mwenye hamu ya kufuga samaki wa nyumbani kwetu, ipo hatua ya pili iliyo nafuu. Katika Ziwa Tanganyika wapo siklidi wadogo wa sentimita nne au tano wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, ambamo hutaga mayai na kulea watoto. Kundi lao dogo hutosheka na tangi la lita 60 lenye mchanga na makombe, ilimradi maji yawe na madini mengi kama ya ziwa lao na tangi liwe limekwisha kukomaa.

Siku ya kununua

Dukani, mnunuzi asimtazame samaki mmoja bali tangi zima. Ikiwa kuna samaki aliyekufa ndani, wenye madoa meupe kama chembe za chumvi, waliokunja mapezi au wanaohema juu ya maji, asinunue yeyote kutoka tangi hilo, hata yule anayeonekana mzima.

Maswali ya kumwuliza muuzaji ni manne: samaki huyu atafikia ukubwa gani, anakula nini, amekaa dukani kwa muda gani, na anaishi katika maji ya bomba au ya kisima. Ni vema kumwomba awalishe mbele yako, kwani samaki mzima hukimbilia chakula.

Nyumbani, mfuko uelezwe juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi yaongezwe ndani ya mfuko kidogo kidogo. Baada ya hapo samaki atolewe kwa wavu, na maji ya dukani yamwagwe nje.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya kila siku na kila wiki. Chakula kiwe kile kinachomalizika ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na sponji ya kichujio isuuzwe katika maji yaliyotolewa tanginí, si chini ya bomba, ili bakteria wasife.

Usimtupe mtoni

Linabaki suala la samaki asiyetakiwa tena, ama kwa sababu amekua kupita tangi, au kwa sababu amezaliana kupita kiasi. Wapo wanaodhani kwamba kumwachia mtoni, bwawani au ziwani ni huruma.

Historia ya Ziwa Victoria inatosha kuwa fundisho. Sangara aliingizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na inakadiriwa kwamba takriban aina 200 za furu, siklidi wadogo wa ziwa hilo, zilitoweka, huku uchafuzi wa maji nao ukichangia. Sangara hakutoka katika tangi la sebuleni, na ameleta biashara kubwa, lakini waliotoweka hawakurudi.

Gapi, pleko na samaki wa dhahabu waliotupwa na wenyewe wamekwisha kuota makazi katika mito na mabwawa ya nchi nyingi, na huenda na magonjwa ambayo samaki wa huko hawakuyazoea. Anayeshindwa kuendelea na ufugaji na awarudishe samaki wake dukani, au awape mfugaji mwingine mwenye nafasi, na asiwamwage katika mtaro unaoelekea mtoni.